Damu Inapopita Nje ya Mwili

Mtoto akishafanyiwa upasuaji wa kufungua moyo, wazazi huruhusiwa kumwona. Mara nyingi humkuta amevimba uso, macho hayafunguki vizuri. Wengi hudhani upasuaji umeharibika. Mwezi huu tueleze sababu ya hali hiyo, na yale ambayo familia inaweza kufanya mapema.

Kazi ya mashine

Ni vigumu sana kushona tundu au kubadilisha valvu ndani ya moyo unaopiga na uliojaa damu. Kwa hiyo damu hupitishwa kwa mipira hadi kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu: huitia oksijeni, huiondolea hewa chafu na kuirudisha mwilini. Dakta John Gibbon alifanikiwa kwa mashine ya namna hiyo tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani.

Damu huwa nyepesi

Mipira haiwezi kuanza kazi ikiwa tupu, maana hewa ikiingia katika mishipa inaweza kuua. Hivyo hujazwa kwanza maji ya dripu, kwa mtu mzima yapata lita 1 hadi 1.5. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Maji hayo yakichanganyika nayo, damu huwa nyepesi kama uji ulioongezwa maji.

Wepesi wa kiasi husaidia, kwa sababu mwili unapopozwa wakati wa upasuaji damu huwa nzito. Ukizidi, chembe nyekundu zinazobeba oksijeni huwa chache mno, na figo na ubongo vyaweza kuumia. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu robo lita tu. Kwake mara nyingi damu ya mchangiaji hutiwa katika mashine kabla ya kuanza.

Mwili hujihami

Damu imezoea kuta laini za mishipa. Ikigusa plastiki, chembe nyeupe na kinga nyingine huamka kana kwamba adui ameingia. Mishipa midogo huanza kuvuja maji, nayo hukaa usoni, mikononi na hata katika mapafu. Ndiyo sababu ya uvimbe ule. Wataalamu huupunguza kwa kutumia mipira mifupi na kuchuja maji ya ziada. Kwa wagonjwa wengi uvimbe huisha katika siku chache, maji yakitoka kwa mkojo.

Familia ifanye nini?

1. Mgonjwa apimwe wingi wa damu mapema. Anayeingia na damu kidogo atabaki na kidogo zaidi. Kama ana minyoo, malaria au upungufu wa madini ya chuma, atibiwe kabla ya siku ya upasuaji.

2. Ndugu na majirani wachangie damu mapema, wasingoje kuitwa usiku.

3. Daktari aambiwe dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo aspirini na za kienyeji. Msiache dawa yoyote bila ushauri wake.

4. Akiisha kurudi nyumbani, akipata homa, kidonda kutoa usaha, kuhema kwa shida au kuvimba upya, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe wa siku za kwanza hutazamwa na wauguzi. Wa nyumbani utatazamwa nanyi.