Nauli ya Tamasha: Hali ya Shule za Malindi na Kilifi

Makala haya yanajadili swali ambalo wahakiki wa drama ya shule hulipita: nauli hulipwa na nani? Tamasha la kitaifa la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959. Vikundi hupanda ngazi kwa ngazi, na kila ushindi huzaa gharama mpya. Shule ya kutwa ya Malindi ikiitwa Mombasa, kilomita 120 hivi, itahitaji gari, malazi na chakula.

Mgao wa serikali, uliopangwa kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa mwaka 2018, una fungu la shughuli za ziada. Lakini hutolewa kwa awamu, ilhali tamasha huangukia muhula wa kwanza. Ndipo wazazi huchangishwa. Nimeshuhudia msimulizi hodari akiachwa usiku wa kuamkia safari, nafasi yake akapewa mwenye nauli.

Kwa maoni yetu, mchezo uonyeshwe kwanza nyumbani, kwa kiingilio kidogo, na mapato yawe nauli ya wote. Mchezo unaomhusu Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913, waamuzi huupa alama tu. Wazee wa Kilifi wataukosoa, hata matamshi ya Kigiriama.