Maduka Mawili, Rekodi Moja: Unganisha Rauta Zako kwa Usalama

Tuseme una duka la mbegu na mbolea Awendo, na tawi Rongo. Kompyuta yenye rekodi za malipo iko Awendo. Kila jioni mhudumu wa Rongo anapiga daftari picha na kuituma kwa WhatsApp. Majina ya wateja, namba zao, pesa walizolipa: vyote viko kwenye simu yake. Je, simu ikiibwa steji?

Kuna njia bora zaidi, handaki la mtandao, ambalo mafundi huliita VPN. Rauta zako mbili zinaongea kupitia intaneti ya kawaida, lakini kila kitu kinafumbwa kabla ya kutoka duka moja na kufumbuliwa kikifika lingine. Aliye katikati ataona data ikipita, ila hawezi kuisoma.

Kaa na fundi wako mfuate hatua hizi:

1. Kagua rauta. Zote mbili ziwe na WireGuard. MikroTik zenye RouterOS 7 zinayo. Rauta nyingi za bei rahisi hazina.

2. Tofautisha anwani. Awendo itumie 192.168.10.0/24, Rongo 192.168.20.0/24. Zikifanana, rauta haitajua data ni ya duka gani.

3. Tengeneza funguo. Kila rauta ina ufunguo wa siri na wa umma. Badilishaneni wa umma pekee. Ule wa siri ni kama PIN yako: hautumwi kwa mtu yeyote, hata fundi.

4. Pata anwani ya umma. Iombe kwa kampuni ya intaneti, kwa duka moja tu. Laini nyingi za 4G hazifikiki kutoka nje, kwa hivyo Rongo ndiyo itaanza kupiga hodi Awendo. Iwekee hodi ya kila sekunde 25 ili njia isifungike.

5. Ruhusu kidogo. Rongo ifikie kompyuta ya rekodi pekee. Wi-Fi ya wateja ikae kando kabisa.

Malipo yenyewe ya simu yanaendelea kama kawaida. Handaki linalinda rekodi zako tu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, hata kama duka ni dogo.

Lakini tuelewane: handaki hufunga njia, halifungi mdomo. Mtu akipiga simu akidai anatoka kwetu na kuomba PIN, kata simu. Sisi hatuiulizi kamwe.