SOMO LETU: ABIRIA ALIYE PEKE YAKE MELINI



Somo la mwezi huu limeombwa na mwanachama mwenyewe. Mama mmoja aliyefanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi hata akastaafu, na ambaye mumewe alikwisha kufariki, alifika ofisini petu mwaka jana akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ametenga sehemu ya kiinua mgongo chake ili apande meli ya watalii, siku tano baharini, kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Hakuwa na mtu wa kufuatana naye. Watoto walimcheka, na majirani waliuliza mjane anatafuta nini baharini. Yeye alitaka jambo moja tu: tumsomee karatasi ile kabla hajatia sahihi.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, si mambo ya gazeti la wafanyakazi. Sisi hatukubali. Likizo yenye malipo ilipiganiwa, na kiinua mgongo kilipiganiwa vilevile. Aliyevipata ana haki ya kuvitumia apendavyo, ikiwa ni kununua ng'ombe au kuona bahari. Tena mle melini wamejaa wafanyakazi, nao tutawafikia.

BEI ILIYOANDIKWA NA BEI UTAKAYOLIPA

Karatasi ya mama yule ilisema kwa herufi kubwa: dola 500 kwa mtu mmoja. Chini yake, kwa herufi ambazo ilimbidi avae miwani kuzisoma, iliongeza: watu wawili katika chumba kimoja. Hapo ndipo penye mtego. Makampuni ya meli huuza chumba, hayauzi kitanda. Chumba kimetengenezwa kwa watu wawili, na kampuni hutaka fedha za watu wawili hata akilala mmoja. Kwa hiyo abiria aliye peke yake hutozwa nyongeza, ambayo mara nyingi ni kati ya nusu ya nauli na nauli nzima ya pili. Ukitozwa nauli nzima, umelipa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, asiyekula wala kunywa.

Je, ni haki? Kampuni itajibu kwamba mtu wa pili angalinunua vinywaji na matembezi, nao wamekosa faida hiyo. Jibu hilo twalielewa, lakini halitupendezi. Hata hivyo abiria hana budi kujua mahali nyongeza inapostahili kuingia na mahali isipostahili. Nyongeza huhesabiwa juu ya nauli. Kodi na ushuru wa bandari hutozwa kwa kila kichwa, na bakshishi ya kila siku hivyo hivyo. Mtu mmoja ana kichwa kimoja.

Tulichukua kalamu tukapiga hesabu pamoja na mama. Nauli 500, nyongeza nzima 500, ushuru wa bandari 120. Jumla 1,120. Wakala alikuwa ameandika 1,240, maana alikuwa amezidisha kila kitu kwa mbili, hata ushuru wa yule mtu asiyekuwapo. Mama alirudi kwa wakala akiwa na hesabu yake, akaomba aonyeshwe ni abiria gani wa pili atakayelipiwa ushuru. Akarudishiwa dola 120 siku ile ile. Hatusemi kwamba wakala alikusudia kumwibia. Tunasema kwamba hakuna mtu mwingine ambaye angalisoma karatasi ile kwa niaba yake.

Uliza pia kama meli ina vyumba vya mtu mmoja. Vipo, lakini ni vichache. Mwaka 2010 meli iitwayo Norwegian Epic ilianza safari zake ikiwa na vyumba vidogo 128 vilivyojengwa makusudi kwa mtu mmoja, na makampuni mengine yamefuata. Vyumba hivyo huisha mapema, na pengine bei yake si ndogo kama unavyotumaini, basi linganisha kabla ya kufurahi. Njia nyingine ni kungoja safari ambazo hazikujaa, kwa kuwa kampuni hupunguza nyongeza kuliko kuacha chumba kitupu. Mstaafu ana nafasi ya kungoja. Aliye kazini, ambaye likizo yake imepangwa na mwajiri, hana.

Halafu weka akiba ya yale yasiyoandikwa. Vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na kufuliwa nguo hulipiwa mbali, na yote huandikwa katika kadi yako bila wewe kuona noti ikitoka mfukoni. Omba hesabu yako kwenye dawati la meli kila baada ya siku mbili. Simu yako izimie mtandao mara tu meli iachapo bandari, maana mnara wa simu uliomo melini ni ghali mno.

Daktari wa melini naye hulipiwa, tena kwa bei ya hospitali ya binafsi. Usipande bila bima itakayolipa matibabu na kukutoa melini ukizidiwa. Wanaosafiri wawili, mmoja akiugua mwingine atatafuta fedha. Wewe huna wa kukutafutia.

HATI

Hapa tutapita upesi, ila mambo matatu hayana mzaha. Kwanza viza: meli ikitoka katika nchi na kuirudia, umeingia nchi hiyo mara mbili. Ikiwa pasi yako yahitaji viza, omba ile ya kuingia zaidi ya mara moja, ama utakwama bandarini siku ya kurudi. Pili, cheti cha homa ya manjano. Afrika Kusini hukidai kwa abiria atokaye nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10. Cheti chenyewe hakichakai tena. Tangu Julai 2016 hudumu maisha. Tatu, fika katika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa Entebbe, meli haitangoja Durban.

SIKU YA KWANZA MELINI

Utakapoingia chumbani utaona ramani ndogo nyuma ya mlango na koti la kujiokolea, ama kabatini ama kwenye kituo chako cha kukusanyikia. Kabla ya kwenda kutazama bwawa la kuogelea, toka nje, uhesabu milango kutoka chumba chako hadi ngazi iliyo karibu, upande wa kulia na wa kushoto. Itie hesabu hiyo kichwani. Taa zikizimika na moshi ukijaa, macho hayatakusaidia, lakini mkono waweza kuhesabu milango.

Ishara ya hatari ni honi saba fupi na moja ndefu. Ukiisikia, nenda kituoni; usirudi kuchukua mkoba.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya jambo lililotokea Italia usiku wa tarehe 13 Januari 2012. Meli Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio ikalala ubavu. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24 tangu kupanda. Sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Wako abiria wanaonung'unika kwamba zoezi linawapotezea muda. Usiwe mmoja wao. Sisi wa Afrika Mashariki, baada ya MV Bukoba mwaka 1996 na Spice Islander mwaka 2011, hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

NANI ATAJUA KWAMBA HUPO?

Hili ndilo swali kubwa la abiria aliye peke yake, nasi tungependa vikundi vya masomo vikae nalo. Wawili wakisafiri, mmoja asiporudi chumbani mwenzake atapiga kelele. Asafiriye peke yake anaweza kuanguka bafuni asubuhi na asijulikane mpaka mtumishi wa chumba aje kutandika kitanda.

Basi jitengenezee watu. Mtumishi wa chumba umjue kwa jina, umweleze kwamba uko peke yako na saa unazoamka. Usiandike mlangoni "usinisumbue" kutwa nzima. Mama yetu alipatana na wanawake wawili wa meza yake kwamba asiyeonekana chakula cha asubuhi, wenzake watampigia simu chumbani; asipopokea, watakwenda dawatini. Nyumbani aliacha karatasi yenye jina la meli, namba ya chumba, tarehe za bandari na namba ya bima, akampa yule binti yake aliyecheka kuliko wote.

Ushukapo bandarini chukua kile kigazeti cha meli cha kila siku. Humo mna saa ya kurudi na mara nyingi jina na simu ya wakala wa meli katika bandari ile, ambaye ndiye wa kumkimbilia ukiachwa. Ukifuata matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe na basi lao likachelewa, meli kwa kawaida itangoja. Ukienda kwa miguu yako, haingoji.

Kuhusu saa, tuna shida yetu wenyewe. Kigazeti huandika 16:00, nasi husema saa kumi jioni. Aliyesoma 10 kisha akaifikiri kizungu, au aliyesikia "saa kumi" na kuandika 10:00, ameharibu siku yake. Andika kama meli inavyoandika. Tena saa ya Durban iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Mama hakubadili saa yake, na asubuhi ya kwanza akasimama mbele ya mlango wa chumba cha chakula saa nzima kabla haujafunguliwa, akidhani wamekwisha kufunga. Hilo lilikuwa la kucheka, kwa sababu lilimwahisha. Abiria aliyetoka upande wa pili, ambaye saa yake iko nyuma, angaliachwa.

Mlango ufungwe kwa komeo la ndani, usifunguliwe kwa mtu usiyemwita hata akivaa sare. Usitangaze namba ya chumba chako mbele ya watu. Kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka meli za abiria zinazofika kwake ziwe na tundu la kuchungulia katika kila mlango wa chumba na kingo zisizopungua inchi 42, na ziwe na mtu aliyefundishwa kushughulikia ushahidi wa mwanamke aliyebakwa. Sheria haitungwi kwa jambo lisilotokea. Likikupata, taka taarifa iandikwe na upewe nakala.

Na kama fedha zinaruhusu, chukua chumba chenye dirisha. Mwezi wa Februari 2020 meli Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watu zaidi ya 700 wakaambukizwa, na abiria wakafungiwa vyumbani kwa siku 14. Wawili waliweza kuongea. Aliyekuwa peke yake katika chumba cha ndani hakuwa hata na mwanga wa jua.

MEZANI

Unapoandikishwa, omba meza kubwa ya watu wengi. Usipoomba waweza kupewa meza ndogo kando ya nguzo, na siku tano za kula ukitazama nguzo ni nyingi. Mama alitwambia kwamba usiku wa kwanza alikula chumbani kwa haya. Usiku wa pili alikwenda, akamkuta mwalimu mstaafu wa Pietermaritzburg aliye mjane kama yeye, na tangu hapo hatukuweza kumfanya azungumzie jambo jingine.

WANAOTUMIKA MLE

Meli nyingi za watalii hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, ingawa wenye mali wako kwingine. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi limepigana na mtindo huo tangu mwaka 1948. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unamhakikishia baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na saa 77 kwa juma. Piga hesabu, ndugu: bado mtu aweza kufanya kazi saa 91 kwa juma bila kanuni hiyo kuvunjwa, na yule anayetandika kitanda chako huenda hajaona nyumbani kwa miezi mingi.

Bakshishi inayokatwa kila siku katika kadi yako kwa kampuni nyingi ni sehemu ya mapato yao. Abiria wanaokwenda dawatini kuifuta ili waokoe dola 70 wanazitoa mfukoni mwa mtumishi, si mwa kampuni. Mwanachama wetu asifanye hivyo.

Na vijana mnaotaka kazi mle, mkumbuke kwamba mkataba huo huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Wakala akidai fedha za nafasi, njoni ofisini kabla ya kulipa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nauli ni dola 800 kwa mtu, nyongeza ni nusu ya nauli, ushuru wa bandari 150 na bakshishi dola 14 kwa siku kwa siku saba. Abiria aliye peke yake atalipa jumla ngapi? Angalilipa ngapi kama angalichangia chumba?

2. Je, chama kingeweza kuwakutanisha wanachama wanaosafiri peke yao ili wachangie chumba? Nani atawajibika wakigombana?

3. Andikeni karatasi ambayo msafiri ataiacha nyumbani. Mambo gani yasikosekane?