Nilipoiacha kanzu: namna nilivyopata kazi nyingine baada ya seminari

Niliondoka seminari kuu nikiwa na miaka 27. Nilikuwa nimemaliza falsafa, mwaka wa kichungaji parokiani na mwaka mmoja wa teolojia. Sikufukuzwa. Nilisali, nikazungumza na baba wa kiroho kwa miezi kadhaa, ndipo nikamwandikia askofu barua ya ukurasa mmoja. Sikuwa nimepewa daraja la ushemasi, kwa hiyo hapakuwa na kifungo cha kufunguliwa. Kanuni ya 1026 ya Sheria za Kanisa inataka anayepewa daraja awe na uhuru unaostahili, na inakataza kabisa kumlazimisha mtu. Niliisoma kanuni ile mara nyingi usiku, ikanipa amani.

Nyumbani mama alinipokea begi, akaifua kanzu yangu nyeupe, akaipiga pasi na kuitundika nyuma ya mlango kama alivyofanya kila likizo. Siku ya tatu nikamwambia, "Mama, kanzu hii sitaivaa tena." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa, baba. Ila watu wa jumuiya utawaambia mwenyewe, mimi sitaweza."

Jumamosi alfajiri nikaenda kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, nikasimama baada ya sala: nimeacha kwa hiari, naomba mniombee. Basi. Nawe ukitoka, sema mapema na kwa maneno machache. Ukinyamaza, mtaa utakutungia sababu, na utaisikia tena siku ya usaili wa kazi.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kila mtu aliniambia, "Wewe ni mtu wa kusaidia watu, kafundishe." Nikafundisha kidato cha pili shule moja binafsi kwa miezi sita. Wanafunzi walinipenda, lakini kila jioni nilirudi chumbani nimechoka rohoni. Nilikuwa natafuta upadre mdogo wa kuwafariji mama na majirani. Ualimu ni kazi kubwa, na mwenye shahada anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu, hata pale Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Asiuchague tu kwa sababu anajiona ana hatia.

Kilichonisaidia ni daftari. Badala ya kuorodhesha masomo, niliandika kazi nilizowahi kufanya tangu seminari ndogo ambazo sikuhitaji kusukumwa. Kwaya haikuwemo, mahubiri hayakuwemo. Stoo ilikuwemo mara nne.

Seminari kuu nilikuwa frateri, yaani mseminari, msimamizi wa stoo. Siku moja gari lilileta maharage, magunia 20, kila moja limeandikwa kilo 100. Nikaomba mizani ya jikoni, tukapima gunia moja moja: 92, 91, 94. Dereva alikasirika, wenzangu wakaniita tukale, mimi nikaendelea kuandika mpaka gunia la mwisho. Mwaka wa kichungaji paroko alinikabidhi saruji ya kanisa la kigango, nami nilijua kila mfuko umeingia lini na fundi gani ameuchukua. Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, maana niliona frateri hapaswi kupenda magunia.

Mhasibu mmoja aliposoma daftari langu alisema, "Hii inaitwa ugavi, na ina bodi yake." Kumbe tangu sheria ya mwaka 2007 iko Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, yenye mitihani na usajili wake, na vyuo kama Taasisi ya Uhasibu Tanzania vinafundisha fani hiyo. Nikaomba kwanza kujitolea stoo ya hospitali kwa miezi mitatu, kabla ya kulipa ada popote. Kule nilijifunza kupanga dawa ili inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Siku niliyoona rafu haina dawa hata moja iliyopitwa na muda, nilijua nimefika. Fanya hivyo nawe: gusa kazi kwa mikono kabla ya kununua fomu ya chuo.

Usicheleweshe karatasi. Fuata cheti chako cha kidato cha sita na matokeo ya falsafa mapema, wakati walezi bado wanakukumbuka kwa sura. Baadhi ya seminari zimeunganishwa na chuo kikuu, nyingine hutoa vyeti vyake zenyewe. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) cheti chako kinatambuliwaje. Kama unahitaji mkopo, soma kwanza mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huo kuhusu umri na mwaka uliomaliza shule, kwa sababu miaka yetu seminarini ni mingi. Na umwombe Gambera, mkuu wa seminari, barua ya utambulisho. Mimi niliona aibu kuiomba, nikapoteza nafasi mbili.

Baadaye nilijiunga na chuo kusomea ugavi, na darasani nilikaa na vijana wa miaka 20. Haikuniumiza kama nilivyoogopa.

Nanyi wazazi na wanajumuiya, akirudi kijana wenu msimwulize amefanya nini huko. Mpeni chakula, nauli ya kufuatilia vyeti vyake na miezi michache ya kujaribu kazi bila kumharakisha.