Somo la Afya: Kivuli Kilicho Juu ya Dunia

Soma kwanza: Yona, sura ya 4.

Ndugu msomaji, bila shaka unakumbuka habari ya Yona alipoketi nje ya mji wa Ninawi. Jua lilikuwa kali, na Mungu akamwoteshea mmea wa kumtilia kivuli. Yona alifurahi sana. Lakini kesho yake alfajiri mdudu mdogo aliutafuna mmea, ukanyauka, na jua lilipopanda lilimchoma kichwani hata akatamani kufa.

Katika somo hili tutajifunza habari ya kivuli kingine. Kinafunika Kasongo na Kabambare, Kindu na Kinshasa, na nchi zote za dunia. Hakionekani kwa macho. Nacho pia kilipata mdudu wake, ila mdudu huyu alitengenezwa na watu.

1. Kivuli hiki ni nini?

Jua hutupa mwanga na joto. Hukausha muhogo wetu na mpunga wetu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini pamoja na mwanga na joto, jua hutupa miali mingine isiyoonekana. Inaitwa ultravioleti. Kiasi kidogo chafaa, maana husaidia mwili kutengeneza vitamini D ya kutia mifupa nguvu. Ikizidi huunguza ngozi na kudhuru macho, na baada ya miaka mingi yaweza kuleta kansa ya ngozi.

Mungu hakutuacha wazi chini ya miali hiyo. Juu sana angani, kiasi cha kilomita 15 hadi 35, kuna hewa iitwayo ozoni. Hiyo huzuia sehemu kubwa ya miali mikali isitufikie. Wala usidhani kwamba ozoni ni nyingi. Kama ungeweza kuikusanya yote na kuishusha hapa chini, ingekuwa tabaka lenye unene wa milimita 3 hivi, jembamba kuliko kidole cha mtoto mchanga. Kitu chembamba namna hii chalinda uhai wa dunia nzima.

2. Mdudu alitoka wapi?

Frigo za kwanza zilitumia gesi zenye sumu. Zikivuja usiku, ziliweza kuua watu wa nyumba. Basi mwaka 1928, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake walipata namna mpya ya gesi. Haikunuka, haikuwaka moto, wala haikumdhuru mtu aliyeivuta kidogo. Jina lake ni klorofluorokaboni, na kwa kifupi CFC. Watu walifurahi kama Yona alivyoufurahia mmea wake. Wakaitia ndani ya frigo na mashine za kupoza nyumba, katika makopo ya kupulizia manukato na dawa za wadudu, katika povu la magodoro, hata katika vipulizio vya wagonjwa wa pumu.

Hasara ilitokea mahali ambapo hakuna aliyetazama. Gesi hii haiharibiki hapa chini, wala mvua haiioshi. Hupanda polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka juu kabisa. Kule miali ya ultravioleti huivunja, na ndani yake hutoka klorini. Klorini ndiyo mdudu wetu. Chembe moja ya klorini yaweza kuharibu chembe 100,000 za ozoni kabla haijatulia. Tena CFC-12, iliyotumika sana katika frigo, hukaa angani miaka 100 hivi. Mtu akiiachia leo, wajukuu wa watoto wake wataikuta.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walitoa onyo juu ya jambo hili. Wengi hawakutaka kusikia, hasa wenye viwanda. Lakini mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wawili, Waingereza waliopima anga kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba ozoni ya kule ilipungua mno kila mwaka mwezi wa Oktoba. Ndilo lile liitwalo tundu la ozoni. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao.

3. Je, tundu hilo liko juu ya Maniema?

Hapana. Tusitiane hofu bure. Tundu hutokea juu ya Ncha ya Kusini, mbali sana na sisi. Huku kwetu karibu na ikweta ozoni haikupungua sana.

Tena wengine husema kwamba mvua ikichelewa au joto likizidi, ni kwa sababu ya tundu la ozoni. Hilo si sawa. Joto la dunia linaongezeka hasa kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari na kuharibiwa kwa misitu. Ni kweli kwamba CFC nayo huongeza joto hilo, lakini tundu lenyewe silo linalozuia mvua yako.

Hata hivyo tusilale. Kasongo iko kusini ya ikweta kwa digrii 4 na zaidi kidogo. Mara mbili kila mwaka jua la saa sita hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Kwa sababu hiyo miali ya ultravioleti ni mikali kwetu siku zote, hata kama kivuli cha juu ni kizima. Kama kivuli hicho kingeendelea kuliwa, hasara ingezidi kwa dunia nzima, na watoto wetu hawangesalimika.

4. Mataifa yalifanya nini?

Hapa kuna habari njema. Mataifa yaliliona kosa yakakubali kuliacha. Wakati ule mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mazingira, iliyoko Nairobi, alikuwa Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri. Alijitahidi sana kupatanisha nchi zilizokuwa zikibishana. Tarehe 16 Septemba 1987 patano lilitiwa sahihi katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada. Nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ilijiunga mwaka 1994. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimo katika patano hilo.

Nchi tajiri ziliacha kutengeneza CFC mwanzoni mwa 1996, na nchi nyingine mwanzoni mwa 2010, isipokuwa kwa haja chache sana kama vipulizio vya pumu. Baadaye hivyo navyo vilibadilishwa gesi. Gesi mpya za frigo hazili ozoni, lakini baadhi yake huongeza joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana kwa jirani zetu huko Kigali, yakakubali kuzipunguza nazo.

Je, kivuli kinapona? Ndiyo, polepole. Wataalamu wanatazamia kwamba ozoni itarudi kama ilivyokuwa mwaka 1980: katika sehemu nyingi za dunia karibu na mwaka 2040, na juu ya Ncha ya Kusini karibu na 2066. Lakini kidonda kinachopona chataka kulindwa. Mwaka 2018 vipimo vilionyesha kwamba kuna watu waliokuwa wakitoa CFC-11 kwa siri, na sehemu kubwa yake ilionekana kutoka mashariki ya China. Jambo lilipojulikana, gesi hiyo ikapungua tena. Mlinzi asipokesha, mwizi hurudi.

5. Je, tuiondoe frigo ya chanjo?

Mama mmoja aweza kuuliza: "Kama gesi ya frigo imeharibu kivuli cha Mungu, mbona kituo cha afya kina frigo?" Ni swali jema. Jibu ni hili: usiiogope frigo ile, wala usimnyime mtoto wako chanjo kwa ajili yake.

Chanjo ya surua hupoteza nguvu ikipata joto. Yapasa ikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Watu wa Kasongo waijua surua vizuri. Katika miaka ya 1970 waganga wa Projet Kasongo walichunguza chanjo ya surua kwa watoto wa hapa, na mwaka 1981 habari zao zilichapishwa Uingereza katika jarida la The Lancet, zikasomwa na waganga wa nchi nyingi. Bila baridi, kazi ya chanjo haiwezekani.

Frigo za zamani za kuwasha kwa petroli hazikuwa na CFC ndani ya mabomba yake, zilitumia amonia. Na frigo mpya za chanjo zinazotumia nguvu ya jua zina gesi isiyodhuru ozoni. Tazama ajabu hii: jua lile lile linalotuchoma ndilo linaloipoza chanjo ya mtoto.

Hatari iko katika frigo kuukuu zinazonunuliwa sokoni au kuletwa kutoka mbali. Nyuma yake, karibu na mota, kuna kibao kidogo. Kisome kabla hujalipa:

R12: ndiyo CFC. Usiinunue.
R22: hutumika hasa katika mashine za kupoza nyumba. Hudhuru ozoni, ingawa kidogo kuliko R12.
R134a: haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia.
R600a: haidhuru ozoni. Lakini huwaka moto. Usiitengeneze karibu na jiko, taa ya petroli wala sigara.

Ukiwa na frigo ya R12 iliyokufa, usikate mabomba yake ili kuuza shaba. Gesi itatoka yote kwa muda mfupi, wala hutaiona. Fundi anayejua kazi yake huikusanya gesi ndani ya chupa ya chuma. Kama fundi wa namna hiyo hayupo, iache frigo mahali pakavu bila kuitoboa mpaka apatikane.

6. Tulinde ngozi na macho

Wengi wetu tuna rangi nyeusi katika ngozi, nayo ni kivuli cha pili tulichopewa na Mungu. Lakini wako ndugu zetu waliozaliwa bila rangi hiyo, yaani maalbino. Kwao jua la Maniema ni adui wa kila siku. Wengi hupata kansa ya ngozi wakiwa vijana bado, nayo ingaliweza kuzuiwa.

Mtoto albino si laana, wala hakuzaliwa kwa kosa la mama yake. Ni mtoto kama wengine. Baba, usimtume shambani saa sita. Mama, mvike nguo ya mikono mirefu na kofia pana tangu anapoanza kutembea. Mwalimu, mketishe mbele karibu na ubao, maana macho yake ni dhaifu, tena mbali na dirisha lenye jua. Akipata kidonda kisichopona kwa majuma manne, hasa usoni, sikioni, midomoni au shingoni, mlete hospitali upesi. Kidonda kidogo munganga aweza kukikata kikapona. Kikicheleweshwa, chaweza kuua.

Sote tulinde macho pia. Miali ya jua ni sababu moja ya mtoto wa jicho na ya kinyama kinachoota juu ya jicho. Kofia yenye ukingo mpana husaidia sana wavuvi wa Lualaba, na wote wanaolima mchana kutwa.

Kuna kipimo kisichohitaji fedha. Simama juani, utazame kivuli chako chini. Kikiwa kirefu kuliko wewe, miali si mikali sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, nenda chini ya mwembe.

Ndugu msomaji, Yona hakuupanda mmea wake, wala sisi hatukuitandaza ozoni. Tulipewa bure. Yafaa tuitunze kama mtu atunzavyo kitu cha Bwana wake.

Maswali ya kujifunza

1. Ozoni hutuzuilia nini?
2. Kwa nini CFC ilisifiwa kwanza, na hasara yake ilionekanaje baadaye?
3. Je, ukosefu wa mvua waletwa na tundu la ozoni?
4. Utasoma nini nyuma ya frigo kuukuu kabla ya kuinunua?
5. Katika kanisa lako au kijiji chako kuna mtoto albino? Je, ana kofia? Kama hana, ni nani kati yenu atakayempatia juma hili?