Kufungua bolti iliyoganda bila kuikata

Walikale, mashariki mwa Kongo, mvua ni ya karibu mwaka mzima, na tope la njia ya Masisi au la Hombo huingia kila mahali. Pikipiki iliyozoea njia hizo, bolti za injini na nati za ekzosi zake hushika kutu hasa. Ukikata moja, kipuri kitoke Goma, Bukavu au Kisangani, na mapigano yakifunga barabara utasubiri. Kwa hiyo kazi ni kuitoa bolti nzima, hata ikila siku mbili.

Anza na brashi ya waya. Sugua mpaka chuma kionekane pale bolti inapoingilia, maana mafuta hayapenyi tope. Kisha dondoshea dawa ya kutu. Ukiikosa, mazutu yanasaidia, ila mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni ni bora zaidi. Oili ya injini ni nzito, hubaki juu. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo (kugonga, si kuponda), tia tena, kalale.

Asubuhi chukua soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 huteleza upesi, na spana malaya usiilete kabisa, itakula kichwa. Kwanza kaza kidogo sana. Ukisikia "tak", kutu imeachia. Ndipo ulegeze robo, urudishe, utie mafuta, ulegeze tena.

Hapa ndipo vijana huleta bomba la kurefushia mpini. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, hukazwa kwa nyutoni-mita 10 hivi: sawa na kuning'iniza kilo 5 kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Bomba la nusu mita lenye mtu mzima juu yake litaikata mara moja. Usikilize mkono wako. Spana ikisogea laini, kama unavuta mpira, bolti haifunguki, inajinyonga. Acha papo hapo.

Ikigoma, tumia moto. Toka nje, ondoa tangi na kabureta, futa mafuta yote uliyodondosha. Pasha aluminiamu inayoizunguka bolti, si bolti yenyewe: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hupanuka. Lakini pasha kwa kiasi, kwa sababu aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 au chini ya hapo, bila kuwa nyekundu kwanza ikakuonya. Ingali na joto, gusisha mshumaa kwenye shina la bolti. Nta itanyonywa mpaka kwenye meno.

Ikitoka, safisha meno na uipake grisi kidogo kabla ya kuirudisha. Na kama kichwa kimeshaliwa pande zote, weka spana chini, mwite fundi wa kuchomelea: nati mpya ikichomelewa juu ya kilichobaki, mara nyingi hutoka nacho.