Swali la Mpemba: Je, Maji ya Moto Huganda Mapema?

Mwuza barafu wa Temeke au Kinondoni akitaka barafu yake igande upesi, atie maji baridi katika jokofu au ya moto? Wengi watajibu: baridi. Mwanafunzi mmoja aliona kinyume chake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa yenye sukari, kuyapoza, kisha kuyagandisha. Siku moja, akihofia kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyatia maziwa yake yangali ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kupima. Fundi wa maabara aliona maji ya moto yameganda kwanza, akasema atalirudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Majaribio zaidi yaliafikiana na Mpemba, na mwaka 1969 yeye na Osborne walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Mpemba alisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi, akafanya kazi hiyo serikalini.

Sababu ni nini? Maji ya moto hupungua kwa kuvukiza. Hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka. Na mikondo huyapandisha juu, yakapoteza joto usoni. Osborne alipoyafunika kwa utando wa mafuta, yalichelewa sana kuganda. Hata hivyo, wataalamu hawajaafikiana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hata kimo cha kipimajoto ndani ya maji huweza kupotosha matokeo.

Jaribio: Chukua vyombo viwili vya chuma vilivyo sawa. Tia katika kila kimoja sentimita za ujazo 70 za maji: kimoja nyuzi 35 za Sentigredi, kingine nyuzi 80. Viweke katika jokofu pamoja, uandike halijoto kila baada ya dakika 10, vipimajoto vikiwa kimo kimoja. Rudia mara tatu, ukibadilisha nafasi za vyombo. Andika matokeo kama yalivyo, hata yakipingana na matarajio yako.